Fundi wa Redio za Magari Anayechungwa Mikono

Saa mbili asubuhi, mtaani Dilala, Numbi amelala chali ndani ya Peugeot 404, kichwa chini ya usukani, miguu nje ya mlango. Mwenye gari, Aruna, ameketi kwenye kiti cha mbao hatua mbili kutoka hapo. Macho yake hayabanduki kwenye mikono ya fundi.

"Tata, ile nati umetia mu mufuko ni ya nani?" anauliza.

Numbi anatoka na kugeuza mfuko wa suruali nje. Nati ni moja, ya gari. Anaiweka juu ya boneti, ambapo wote wawili wanaiona.

Gari hili lilitoka kiwandani na redio ya spika moja, mbele. Aruna husafirisha abiria kwenda Likasi, na wanaokaa nyuma hulalamika kwamba wanasikia injini tu. Redio mpya ya kaseti, pamoja na spika zake, ni mshahara wa miezi minne wa mfanyakazi wa mgodi. Kwa zaire mia moja na hamsini, Numbi huiacha redio ya zamani mahali pake, huongeza spika mbili za gramafoni mbovu nyuma ya kiti, kisha hujaza matambara ili ubao unaozishika usitikisike.

Lakini leo fundi naye ana swali.

"Hizi bafle ulitosha wapi?" anauliza, akiinua spika mbili alizoleta Aruna.

Aruna anasimama. "Ni za gramafoni ya mama-mukwe. Unaniona mwizi?"

"Sijasema vile. Bakikuta bitu ya wizi kwangu, ni mi banafunga."

Numbi, mwenye miaka 43, alitengeneza simu za mgodini kwa miaka kumi na mmoja hadi alipopunguzwa kazini. Tangu vita vya 1978, waasi walipouteka mji huu, mwenye nyaya nyingi nyumbani huulizwa anazungumza na nani. Ndiyo maana mkewe, Mianda, huzifunga zile nyaya kwenye kitenge na kuziweka chini ya kitanda.

Hofu ya leo, hata hivyo, ina umri wa wiki tano tu. Ilianza na Kabongo, karani kutoka mtaa wa Manika, aliyeleta gari na spika zake mbili. Alilichukua jioni. Kesho yake alirudi akipiga kelele.

"Mwizi iko hapa! Ulitosha bafle yangu ya muzuri, ukatia ya bule!"

Majirani walijaa. Kabongo aliwasha redio, na kweli, muziki ulikuwa mwembamba, besi imepotea kabisa. Alisema anakwenda kuwaita askari.

"Na mi nilimuzania," Numbi anakiri mbele ya mwandishi wa habari hii. "Nilisema mu roho, huyu amebadilisha yeye mwenyewe, anatafuta kutolipa."

Alifungua spika zote mbili mbele ya watu. Kwenye sumaku kulikuwa na alama aliyoikwaruza kwa msumari siku ya kwanza, Kabongo akiwa anaona. Spika zilikuwa zilezile. Basi kosa liko wapi?

Alichukua betri ya tochi, akagusisha nyaya za spika ya kwanza. Karatasi yake, ile inayotikisika na kutoa sauti, iliruka mbele. Akagusisha za pili, kwa mpangilio uleule. Karatasi ikarudi nyuma.

Waya zote zilikuwa nyeusi, naye alikuwa amezipishanisha upande mmoja. Spika moja ilisukuma, nyingine ikivuta, na sauti nzito ikauawa katikati.

Angeweza kunyamaza na kurekebisha. Alisema kwa sauti: "Sikuiba. Lakini ni mi nilikosa."

Akageuza waya mbili. Besi ikarudi mpaka vioo vya gari vikatetemeka. Kabongo alilipa, akainama kutazama alama ya msumari mara nyingine, akaondoka bila kuaga.

Habari ya wizi ilifika Manika siku hiyohiyo. Habari ya waya haikufika. Kwa wiki tano hakuna gari lililosimama hapa, na Mianda aliuza redio yao ya nyumbani ili wanunue unga.

"Angenyamaza, wangemwita mwizi tu," anasema Mianda. "Sasa kule Manika banasema: mwizi; hapa banasema: kazi hajui."

Aruna ni mteja wa kwanza tangu siku ile. Kabla ya kufunga spika, Numbi anamwita ajionee betri ikigusa waya. Karatasi mbili zinaruka mbele pamoja. Aruna anaomba aione tena. Kisha mara ya tatu, akishika betri mwenyewe.

Saa tano redio inasikika hadi kiti cha nyuma. Aruna anakaa kiti cha abiria, anafumba macho kidogo, anafumbua haraka.

"Iko muzuri," anasema. "Nitarudi na motoka ya ndugu yangu. Nitakaa tena pale kwa kiti, nikuangalie."

Numbi anapanga kukodi chumba karibu na soko la Manika kabla ya mvua, chenye mlango mpana wa barabarani.

"Siku moja mutu ataniachia funguo, ataenda kununua bitu yake, atarudi saa yoyote," anasema. "Andika hiyo."

Anakitazama kijitabu cha mwandishi, anavuta kile kiti cha mbao na kuketi.

"Kabla uende, unisomee yote umeandika. Polepole."