Betri Kichwani mwa Sefania

Marehemu mume wangu, Sefania, alikuwa fundi wa vipaza sauti mjini Lushoto miaka ya vijiji vya ujamaa. Mikutanoni watu walimwona ameketi kivulini, shati jeupe, mkono kwenye kitufe. Walidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe. Baada ya mkutano mmoja kuharibika, wakadhani mabaya zaidi.

Ulikuwa mkutano wa kijiji kimoja juu ya Mlalo. Lori lilikwama kwenye matope, wanakijiji wakasaidia kubeba vyombo. Betri ya gari, iliyoendesha kila kitu, waliibeba begani kama gunia la viazi, imelala ubavu, na tindikali ikavuja njiani. Mgeni wa wilaya alikuwa katikati ya hotuba spika ziliponyamaza. Wiki ileile niliulizwa sokoni kama ni kweli mume wangu anahujumu kijiji. Ukoo wetu haukuwahi kutajwa hivyo.

Mkutano uliporudiwa, barabara ilikuwa bado haipitiki. Sauti ingekatika tena, jina hilo la mhujumu lingetuganda. Sefania akasokota ngata ya majani makavu ya migomba, akajitwika betri mwenyewe, ikiwa wima. Kwetu mwanaume hubeba begani. Ngata ni ya wanawake. Nilimfuata na waya, nikiona aibu.

Shangazi yake, Secilia, alitukuta mlimani akiwa na wenzake wakipalilia.

"Mgosi, hayo maji unampelekea nani?" akauliza, akimwita mwanaume kwa Kisambaa.

"Shikamoo, shangazi. Mgeni wa wilaya."

"Marahaba. Basi njoo tukufunge na kanga."

"Mtanifunga nikirudi. Sasa hivi siwezi kuinama."

Wakacheka mpaka tukapotea konani. Hakugeuka, asingeweza.

Huko juu alipanda mti kufunga spika, akashuka kusikiliza, akapanda tena kuzielekeza bondeni, maana mlima wa pili ulikuwa ukirudisha maneno.

Mgeni alizungumza kwa muda mrefu. Mimi nilimtazama Sefania tu. Kila mzungumzaji alipotua kuvuta pumzi, yangu nayo ilisimama. Sauti haikukatika mpaka mkutano ulipofungwa.

Watu walitupita wakibishana juu ya mbolea na shamba la pamoja. Hakuna aliyetaja vipaza sauti. Sefania aliwasikiliza wakipita, kisha akajilaza kwenye nyasi.

"Wamenisahau," akasema, akicheka taratibu.

Shingo yake ilikuwa ngumu kama gogo. Nikakaa chini nikaikanda palepale, mbele ya kijiji kizima.