Mstari Ulio Chini ya Rangi ya Njano

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa mkalimani wa kanisa letu pale Kinoru. Mgeni akihubiri kwa Kiswahili au Kiingereza, mimi nilisimama kando yake nikiyatoa maneno kwa Kimeru, na sitajifanya mnyenyekevu: nilikuwa hodari. Mahubiri yaliyopoa niliyapasha moto. Kila sentensi ilipotua watu waliitikia "Amina", na mkalimani huishi kwa hiyo Amina. Isipokuja, hutokwa jasho mbele za watu.

Jumapili moja baada ya ibada tulipewa mgeni kutoka Embu, mwalimu mstaafu aliyeuza vidonge vya lishe katika makopo meupe. Alisema vinasafisha damu na kurudisha nguvu. Wazee wetu walikuwa wamewazoea wauza dawa, wakaanza kuvaa kofia waondoke. Ndipo akakunjua karatasi ndefu yenye matundu pembeni, iliyochapishwa na kompyuta huko Nairobi. Ni utafiti wa wanasayansi, akasema, umetoka kwenye intaneti. Hiyo intaneti wengi wetu hatukuwa tumeiona hata kwa mbali, lakini kofia zilirudi magotini.

"Wasomee hapo penye rangi, mtumishi," akaniambia. Alikuwa amepaka kalamu ya njano mistari michache.

Nikasoma, nikatafsiri. Watafiti waliwapa watu vidonge hivi. Amina. Watu wazima wenye afya hawakupata madhara. Amina! Rangi ikaishia hapo, lakini macho yangu yakashuka hadi mstari uliofuata. Uliandikwa kwa herufi zile zile: wanaotumia dawa za presha hawakuhusishwa katika utafiti huu, kwa hiyo haijulikani kama vidonge ni salama kwao.

Niliuelewa. Nasema hivyo kwa sababu nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba sikuuelewa. Niliuelewa, na nikauona ukianguka mbele ya watu wale bila Amina, mgeni akinikodolea macho, kina mama wakiwaza chakula cha mchana. Nikakunja karatasi. Kisha, kwa ule ujinga wangu wa kupasha moto, nikapaza sauti: "Wanasayansi wamesema ni salama!" Wale watu wenye afya nao nikawaacha nje. Kanisa zima likaitika, nikashuka nimejaa sifa, karatasi ikiwa mfukoni mwangu. Mgeni hakuidai, alikuwa na nyingine.

Mlangoni nilimwona mama mkwe wangu ameshika kopo jeupe. Alikuwa na presha, na alimeza vidonge vya hospitali kila asubuhi. Nilijua, ukoo mzima ulijua. Nikaenda kula.

Siku chache baadaye mke wangu aliniambia mama yake ameacha dawa za hospitali, anameza zile za kopo tu.

"Mwambie azirudie," nikasema.

Akaenda Makutano, mama yake alikoishi, akarudi amenuna. "Anasema mimi si daktari. Anasema wewe ndiye ulisoma huo utafiti, na alikusikia kwa masikio yake. Baba watoto, kwani hiyo karatasi ilisema nini?"

"Nitamweleza mwenyewe," nikajibu.

Kwetu mwanamume hazungumzi na mama mkwe wake habari za mwili wake. Hata kuketi, yeye huketi upande akitazama mlango, na wewe unatazama kikombe chako. Nilienda. Tuliongea juu ya maharagwe, juu ya mvua, juu ya ng'ombe wake aliyegoma kukamuliwa. Kopo lilikuwa juu ya kabati, karatasi ndani ya koti langu.

"Mama, zile dawa..." nikaanza.

"Zimenisaidia sana, mwanangu. Mungu akubariki kwa kutusomea."

Nikaomba chai nyingine, nikainywa, nikaaga. Njiani nilijiambia kwamba nimemheshimu mkwe wangu. Ulikuwa woga mtupu.

Alianguka shambani akichuma maharagwe. Hospitalini daktari alisema presha ilipanda kwa sababu dawa zilikatizwa. Mkono wa kushoto ulikuwa umelegea na mdomo umevutwa upande. Shemeji yangu akaja kutoka Embu, akasimama penye kitanda akimlaani yule muuzaji tapeli aliyeficha ukweli.

"Usimlaumu mtu," mama mkwe akasema, maneno yakitoka kwa shida. "Karatasi ingekuwa na ubaya, huyu mkwe wangu angetuambia."

Mke wangu akanigeukia. Laiti angenigombeza, ningepata la kujibishana naye. Aibu iliyonishika siku ile sijawahi kuizoea hadi leo.

Nikatoa karatasi. Nikasimama kando ya kitanda kama nilivyosimama kanisani, maana sikujua namna nyingine ya kuzungumza na mama mkwe wangu, nikaisoma kwa Kimeru, sentensi baada ya sentensi. Kwa mazoea, yeye akaitikia. Watafiti waliwapa watu vidonge hivi. Amina. Watu wazima wenye afya hawakupata madhara. Amina. Nikafika mwisho wa rangi ya njano, nikaishia hapo.

"Endelea," akasema.

Nikausoma ule mstari. Nikamwambia kwamba siku ile ulikuwepo hapo hapo, kwamba niliuona, na kwamba niliuruka makusudi.

Aliutazama mkono wake uliolala juu ya blanketi. Shemeji yangu alikuwa ameziba mdomo kwa leso.

"Amina," mama mkwe akasema, kama alivyoitikia zile nyingine. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akanitazama usoni. "Ilikuwa sentensi hiyo moja tu?"

"Hiyo tu, mama," nikasema.