Kipande cha Pili

Mama anayeghani mashairi kwenye misiba ya huku juu Same hana haraka. Jioni ya kuamkia mazishi hupita kwa wafiwa, akanywa chai, akauliza jambo moja tu: marehemu aliacha nini hakijamalizika. Safari hii Hezroni, mwana wa marehemu, alimjibu kwamba mama yake alikuwa amebandika makande, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kuyaepua. "Inatosha, baba," akasema, akafunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Kesho yake kaburini alisimama kama kawaida yake, mikono nyuma, karatasi hana. Kila mstari huukata katikati, akanyamaza mpaka kuku wa jirani wasikike. Wenyeji wamezoea. Mwinjilisti siku hiyo alikuwa mgeni, ametoka Mwanga.

"Mama amelala leo," akaghani, akanyamaza.

Mwinjilisti akangoja, akaona amemaliza. "Asante sana, mama. Tuombe." Akawaombea wafiwa, wasafiri, wakulima na uongozi wa kijiji. Yule mama aliinamisha kichwa, na "Amina" akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha akainua kichwa, akaendelea pale alipoachia.

"Makande yako jikoni."

Hezroni alikuwa anahamisha viti tangu asubuhi, na watu walishaanza kumsifu kwa kujikaza. Kiti kimoja kilikuwa bado mkononi. Akakiweka chini, akakikalia, akajifunika uso kwa koti. Mwinjilisti akafungua tena kinywa. Mama yule, bila kumtazama, akamwinulia kidole: bado.