Maharagi ya juu ya moto

Vita ilipofukuza batu ba Kalunguta, Koko Syauswa, muzee, alipokelewa Butembo kwa Marie-Jeanne, mama mwenye hakumujua hata kidogo. Asubuhi moja, pembeni ya moto, alichekesha batoto na habari za utoto wake kule Masereka.

"Chungu ya mama ilikuwa kubwa! Mbuzi iliangukaka ndani ya maharagi, tukaipata siku ya tatu, imenenepa. Na mugeni, alikuwa anakula mpaka tunamubeba kwenda kulala."

Batoto bakacheka. Marie-Jeanne hakucheka. Alishusha kikapu kilichoning'inia juu ya moshi, akamwanga maharagi yote ndani ya chungu.

Koko akashituka. Hata kwa mama yake, kikapu cha juu ya moshi kilikuwa cha mbegu. Njaa ilipiga, hakuna mutu alikigusa.

"Mwanangu, maharagi ile ni ya kupanda!"

"Acha, Koko. Basiseme kwangu mugeni analala njaa."

Kumbe uongo wa Koko wa kuchekesha ulisikilika kama lawama. Saa ya kula, haya ilimushika. Akala macho chini, maana kukataa kungekuwa tusi ya pili.