Kialama Juu ya Jina la Shangazi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo sijaisahau. Nilikuwa msichana wa chuo, nimerudi Kasikeu likizo, na asubuhi iliyofuata nilipaswa kumpeleka shangazi yangu Mueni hospitali ya Wote akapasuliwe jicho. Lile lingine nalo lilikuwa limeanza kufifia. Daktari alikuwa amemwonya kwamba akiahirisha tena, asije kumlaumu mtu.

Lakini shangazi hakuwa tayari kuyaacha mayai yake. Mashine ya kuangulia ilikuwa imejaa, vifaranga wamekaribia kutoka, na balbu ya kuwapa joto ilikuwa na tabia ya kuungua ghafla. Nyumba ingebaki bila mtu. Nikamwahidi, kwa kujiamini kwa umri ule, kwamba nitafunga bodi ndogo ya kielektroniki ya kupima joto, kama hiyo iliyokukasirisha tangu asubuhi, initumie ujumbe joto likishuka, nami nimpigie jirani mwenye duka aje aweke balbu nyingine. Akakubali, mradi aione kwanza ikifanya kazi, la sivyo haendi popote. Wewe hukumjua. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza hata baada ya kustaafu, na akisema hapana, mmemalizana.

Bodi ikakataa kuingia kwenye wifi. Simu yangu iliingia bila shida, lakini bodi ilisema mtandao huo haupo. Nikabadilisha waya. Nikaisogeza karibu na rauta inayotoa wifi mpaka zikagusana. Nikazima kila kitu, nikawasha upya. Jua lilikuwa linateremka, nami niliogopa kweli: huyu mama atapofuka kwa ajili ya mayai, na ni mimi niliyemwambia inawezekana. Mwishowe nikaiambia bodi initajie mitandao yote inayoisikia. Ikaleta mmoja tu: herufi M, kisha vidude visivyosomeka, kisha eni. Nikajua sasa imeharibika kabisa, nikaanza kulia.

Shangazi akaja, akasogeza jicho lake lenye nafuu karibu na kompyuta, akauliza nimeandika nini pale penye jina la mtandao. Nikamwonyesha: Mueni.

"Hiyo si jina yangu," akasema. "Mimi ni Mũeni. Hapo juu ya u kuna kialama. Hiyo rauta niliipea jina mimi mwenyewe, na sikuandika hivyo."

Nikarudi kuitazama ile orodha ya bodi. Sisi vijana wa Ukambani tulikuwa tumeacha zamani kuandika alama hizo za Kikamba, na kwenye simu nilikuwa naligusa tu jina, sikuwahi kuliandika. Kumbe vile vidude vilikuwa ni ile ũ ambayo bodi haikuweza kuichora; ilikuwa imeniambia ukweli, ila niliuona ni takataka. Nikaweka kialama, na joto la mayai likatokea kwenye simu.

Shangazi hakunicheka. Alisema tu, "Najua unanipenda, Ndinda. Lakini jina yangu hujawahi kuiangalia." Maneno hayo yaliniuma kuliko kazi yote ya siku ile.

Tulikwenda Wote, akapasuliwa. Bandeji ilipotolewa akaniomba simu, akatafuta namba yake mwenyewe, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Kisha akagusa kioo kwa kidole, juu ya ile u, akatabasamu. Jina lake nilikuwa nimeshalisahihisha humo.

Kwa hiyo, mwanangu, weka chini huo waya unaotaka kuung'oa. Muulize mwenye mtandao ameliandikaje jina lake, herufi kwa herufi, kisha usome tena kile bodi inachokuambia, hata kama kinaonekana upuuzi. Na watu wako wasome hivyo hivyo, usiwapite mbio kwa sababu umewazoea. Mungu akutulize mikono, akuachie macho yako, na kila utakapofika akupe watu watakaokuita jina lako lilivyo.