Malkia Aliyewatoa Wanawe

Kwa miaka mitatu nilisimama katika ukumbi wa silaha wa jumba moja la makumbusho hapa Doha, nikilinda panga za watu waliokufa zamani. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo hiyo, kusimama. Uwaambie wageni wasiegemee vioo, uwaonyeshe njia ya chooni, basi. Upande wa pili, penye kofia za chuma na deraya, alisimama mwanamke mmoja Mkenya, wa Kakamega. Kama si yeye, ningetoka pale nikijua uzito wa buti zangu tu.

Kwao alikuwa mwalimu wa historia wa sekondari, kwa hiyo sote tulimwita Mwalimu. Tulikaa chumba kimoja kule mtaa wa Najma, yeye akilala kitanda cha juu yangu. Alimwacha binti yake kwa mama yake mzazi, mtoto akiwa na miaka minne. Mwaka wetu wa tatu pamoja, mtoto alikuwa na miaka saba.

Wageni walipopungua, baada ya adhuhuri, tulikuwa tukisogeleana hatua mbili tatu, naye ananisimulia kwa sauti ya chini huku macho yake yakiwa mlangoni. Alinisimulia malkia wa Kushi mwenye jicho moja, aliyepigana na Warumi, na kichwa cha sanamu ya mfalme wao kikazikwa chini ya ngazi za hekalu ili kila anayepanda akikanyage. Alinisimulia jemadari wa Kartago aliyevusha tembo kwenye milima ya theluji, kisha akaishia kunywa sumu ugenini.

"Ati tembo kwenye theluji?" nilimuuliza. "Walikula nini?"

"Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza hivyo," alisema. "Wanafunzi wangu walikuwa wanauliza tu kama itakuja kwenye mtihani."

Mimi nilikuwa na shujaa mmoja tu wa kumpa, niliyemsikia kwenye chuo cha Kurani Tanga nikiwa mdogo: yule kamanda wa Waarabu aliyepigana vita vingi hadi mwili mzima ukajaa makovu, kisha mauti yakamkuta kitandani, na hilo likamliza. Mwalimu akasema, "Huyo namwelewa."

Mwaka wetu wa tatu, mama yake alianza kuvimba miguu. Mwanzoni walisema ni presha, baadaye wakasema ni figo. Mwalimu aliomba ruhusa kwa msimamizi, akaambiwa mkataba umebakiza miezi minne. Akiondoka kabla, nafasi yake hataikuta. Jioni hiyo alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, hata sare hajavua.

"Nataka kwenda tu," alisema. "Kazi wachukue. Wewe unaonaje?"

Nilimwambia, "Vumilia, dada. Miezi minne ni nini? Umeshavumilia karibu miaka mitatu."

Nilisema hivyo kwa sauti ya hekima, lakini ukweli naujua. Niliogopa kubaki peke yangu katika ukumbi ule. Niliogopa kusimama kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku mbele ya panga zisizo na wa kuzisimulia. Yeye alinitazama, akaitikia kwa kichwa, akapanda kulala.

Wiki ya tisa mama yake akafariki.

Habari zilimkuta chumba cha kubadilishia nguo, asubuhi, tukifunga kamba za viatu. Hakupiga kelele. Aliukunja mguu wa suruali, akaukunjua, akaukunja tena. Msimamizi alimpa siku hiyo moja apumzike. Mazishi aliyaona kwenye simu, picha ikikatikakatika, na kesho yake ndugu za baba wa mtoto, ambao hawakuwahi kuleta hata kilo ya sukari, walifika nyumbani wakamchukua binti. Walisema msichana hawezi kukaa kwenye nyumba isiyo na mtu.

Siku ya tatu baada ya mazishi tulikuwa tukienda kazini kama kawaida. Kwenye basi la kampuni, tukipita mtaa wa Al Sadd kwenye foleni, alianza kunisimulia bila mimi kumwomba. Alisema kulikuwa na malkia wa Waberberi, Afrika ya Kaskazini, aliyepigana na majeshi ya Waarabu miaka mingi. Alipojua kwamba vita vya mwisho atashindwa, aliwaita wanawe akawaamuru wavuke kwenda upande wa adui, wapate kuishi. Kisha yeye akaenda kupigana, akauawa.

"Nilifundisha hiyo story kila mwaka," alisema. "Kila mwaka nawauliza watoto, huyu alikuwa mama wa aina gani? Wananyosha mikono, wanasema jasiri, Mwalimu, jasiri. Nawapa alama." Alijifuta uso kwa kofia ya kazi. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza wale wana walimfikiria vipi."

Nilimshika mkono hadi tukafika.

Mkataba ulipokwisha alikwenda. Nilimsindikiza hadi mlango wa uwanja wa ndege, mizigo yake masanduku mawili, moja limejaa nguo za mtoto wa miaka minane. Baada ya wiki mbili alinipigia. Alikuwa amefika kwa wale ndugu, akakaribishwa kiti na chai. Binti aliitwa. Alitoka, akampa mkono kwa adabu, akasema, "Shikamoo, anti," akarudi ndani. Nguo zilikuwa ndogo.

Sasa anafundisha tena, shule nyingine. Mtoto huja kwake likizo, hukaa siku tatu nne, halafu huuliza anarudishwa lini.

Mwezi uliopita, siku yangu ya mapumziko, nilijikaza nikampigia. Nilimwambia, "Dada, mimi ndiye niliyekwambia uvumilie. Nilikuwa najifikiria mwenyewe."

Nilisikia kuku wakilia nyuma yake, na mtu akitwanga.

"Nilijua," alisema. "Mimi pia nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia nibaki."

Kisha akaniuliza kama chumbani tumepata mtu wa kitanda cha juu. Nikamwambia yupo, Mganda, mpole, hasemi sana.