Fundi aliyetufungia ekseli chini juu

Na ndiyo maana nasema yule fundi asinisalimie tena hapa Arua.

Leo ilikuwa iwe mara yangu ya kwanza kurudi kwa mama, Koboko, tangu harusi. Mume wangu Anguyo aliliwekea gari lake la zamani la mbio ekseli ya nyuma iliyo imara na gia za nguvu zaidi, ili nifike kama malkia.

Pale gereji nikaketi garini na kitenge changu kipya. Anguyo akanishika mkono, akatia gia ya kwanza.

Gari likarudi nyuma.

Akatia ya pili. Likarudi kwa kasi zaidi, likabomoa ua wa gereji.

Watu wa boda wakapiga kelele: "Bwana arusi anarudi kwa mama yake."

Fundi alikuwa amechomelea ekseli chini juu, ndiyo sababu magurudumu yalizunguka kinyume. Mnajua alituambia nini huku akicheka?

"Madamu, gari iko sawa. Tia rivasi, itakwenda mbele. Koboko si mbali."

Anguyo wangu, mwenye macho mazuri kuliko wanaume wote wa kwao Ayivu, akainamisha kichwa. Ekseli ningeisamehe. Kicheko kile, hapana. Nimemwambia fundi mambo ambayo bibi arusi hasemi.

Nyinyi mngenyamaza?

Mama, huyo jogoo wa kutuchinjia leo mwache aishi kidogo. Kabla mwezi haujaisha mkwe wako atafika na gari lake mwenyewe, akiwa ameinua kichwa.